Kusajili wazo la utafiti kwenye OSF: tathmini kwa mwanafunzi wa uzamivu aliye maabara

Mwanafunzi wa uzamivu anapoingia maabara, mashine si zake, kemikali zimeagizwa kwa fungu la msimamizi wake, na hata friji anamohifadhi sampuli imebandikwa jina la mradi wa mtu mwingine. Kilicho chake ni swali alilokuja nalo na njia aliyoifikiria ya kulijibu, na hicho hasa ndicho ambacho sheria haikilindi. Ibara ya 9 ya Mkataba wa TRIPS, unaohusu haki miliki, wa Shirika la Biashara Duniani, ambalo Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama wake, inaeleza kwamba hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa, na hailindi wazo lenyewe. Hataza, yaani haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi, nayo hutolewa kwa uvumbuzi ulioelezwa kwa ukamilifu kiasi kwamba mtaalamu mwingine anaweza kuutengeneza, kwa hiyo nadharia tete iliyoandikwa kwenye kurasa mbili haiombewi hataza. Mwanafunzi anayelikuta wazo lake ndani ya andiko la mtu mwingine la kuomba fedha hana cha kushika isipokuwa ushahidi unaoonyesha nani aliliandika, lini, na kwa undani gani.

Kwa ajili ya ushahidi huo nimekuwa nikitumia Open Science Framework, ambayo watumiaji wengi huiita OSF, tangu nilipokuwa nikiandaa andiko langu la utafiti. Ni huduma ya mtandaoni inayopatikana katika anwani ya osf.io na inayoendeshwa na Center for Open Science, shirika lisilo la kibiashara lililoanzishwa mwaka 2013 mjini Charlottesville, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, na Brian Nosek na Jeffrey Spies. Nia ya waanzilishi haikuwa kuwalinda wanafunzi. Walitaka watafiti waandike nadharia tete na mpango wao wa uchambuzi kabla ya kuziona data, ili mtu asije akaligeuza swali baada ya kupata jibu. Hata hivyo, nyenzo ileile inayomzuia mtafiti kuligeuza swali lake inaweza pia kuthibitisha kwamba swali hilo lilikuwa lake, kwa sababu inampa nakala yenye tarehe, isiyoweza kufutwa kimyakimya, na inayotunzwa na chombo cha nje kisicho na maslahi yoyote katika mivutano ya maabara yake. Kwa kazi hiyo naipa OSF nyota nne kati ya tano, na sababu ya kuinyima ile moja nitaieleza kwa kirefu kwa kuwa inamgusa mwanafunzi moja kwa moja.

Akaunti ni ya bure. Ukiingia unafungua mradi, na mradi mpya huwa wa faragha mpaka mwenyewe uamue kuuweka hadharani. Kila linalofanyika ndani ya mradi huandikwa kwenye kumbukumbu ya shughuli pamoja na jina na saa: nani kapakia faili, nani kaongezwa, nani kaondolewa. Ukipakia faili upya kwa jina lilelile, toleo la zamani halipotei, linabaki chini yake kwa mpangilio wa tarehe, na kila toleo lina alama ndefu ya tarakimu na herufi, iliyokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili, ambayo hubadilika kabisa hata ukihamisha nukta moja. Mradi wa faragha una nafasi ya gigabaiti 5, na wa hadharani gigabaiti 50. Kwa maandiko, michoro ya majaribio na picha za jeli nafasi hiyo inatosha na kubaki. Anayeshughulika na data ghafi za mfuatano wa DNA atalazimika kuzihifadhi kwingine.

Moyo wa huduma hii ni usajili. Unapousajili mradi, OSF huchukua nakala ya kila kilichomo kwa wakati huo na kuifunga, na nakala hiyo haihaririwi tena. Ukitaka kusahihisha, unaweka toleo jipya lenye maelezo ya sababu huku la awali likiendelea kuonekana. Kuna fomu za aina kadhaa. Ile ndefu inauliza kuhusu ukubwa wa sampuli, vigezo na majaribio ya kitakwimu, nayo inamfaa mtu ambaye mpango wake umeiva. Ipo pia fomu fupi ya maelezo huru, na hiyo ndiyo ninayompendekezea mwanafunzi ambaye wazo lake bado ni changa. Kisha unachagua kama usajili uonekane mara moja au ufungiwe, na kipindi cha kufungiwa kinaweza kufika miaka 4. Kwangu hapa ndipo palipo na thamani kubwa kuliko kwingine kote, kwa sababu miaka 4 inakaribia urefu wa masomo ya uzamivu yenyewe: mwanafunzi anasajili wazo lake mwanzoni, analifanyia kazi bila washindani kuliona, na tarehe yake inabaki kuwa ya siku aliyolisajili hata kama limefunguliwa siku anayotetea tasnifu.

Ubora wa ushahidi huo, hata hivyo, unategemea ulichoandika. Usajili unaosema kwamba mtafiti atachunguza usugu wa vimelea vya malaria dhidi ya dawa haumlindi mtu yeyote, kwa sababu maelfu ya watafiti wanachunguza jambo hilohilo. Usajili wenye nguvu unataja utaratibu wa kibiolojia unaoushuku, sababu ya kuushuku, jaribio litakaloutenganisha na maelezo mengine, na matokeo ambayo yangekufanya uliache wazo lako. Mimi huandika pia chimbuko la wazo: makala niliyokuwa nikisoma, tokeo lisilotarajiwa kwenye benchi, na mazungumzo na mwenzangu, nikimtaja mwenzangu huyo. Kumtaja ni haki yake, na ni kinga yangu pia, kwa sababu usajili unaoonyesha kwa uaminifu mipaka ya mchango wangu ndio utakaoaminiwa na kamati siku nikidai kilicho changu. Maelezo yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili, kwani visanduku vya fomu hupokea maandishi ya lugha yoyote, ingawa tovuti yenyewe ni ya Kiingereza na msuluhishi wa mgogoro huenda asiijue lugha yetu. Kwa hiyo ninaweka matoleo yote mawili.

Nyota niliyoipunguza inahusu madaraka ndani ya mradi. OSF ina ngazi tatu za washiriki: anayesoma tu, anayesoma na kuandika, na msimamizi wa mradi. Mwenye ngazi ya msimamizi wa mradi anaweza kumwondoa mshiriki mwingine yeyote, almuradi abaki angalau msimamizi mmoja. Zaidi ya hapo, usajili unapowasilishwa, wasimamizi wote wa mradi hupelekewa baruapepe na kupewa saa 48 za kuuidhinisha au kuufuta. Wakikaa kimya, unapita wenyewe, lakini mmoja wao akiufuta, haupiti. Kwa watafiti walio sawa kwa cheo utaratibu huu ni mzuri. Kwa mwanafunzi ambaye profesa wake ndiye anayetia saini ripoti ya maendeleo, barua ya ufadhili na ruhusa ya kuwasilisha tasnifu, utaratibu huu unaipeleka ndani ya tovuti ile tofauti ya nguvu iliyoko maabara. Nimeona wanafunzi wakiwapa wasimamizi wao ngazi ya juu kwa heshima tu, kwa kuwa kumpa profesa ngazi ya chini kuliko ya mwanafunzi kunaonekana kuwa utovu wa adabu, na huduma yenyewe haimwonyi mtu anapofanya hivyo kwamba anatoa na ufunguo. Ushauri wangu ni kwamba mradi wa wazo lako binafsi uufungue kwa akaunti yako, ubaki msimamizi pekee wa mradi mpaka usajili upite, halafu umwongeze profesa kwa ngazi ya kuandika na kumweleza waziwazi kwa nini. Profesa mwenye nia njema ataelewa, kwani huenda na yeye alipita hukohuko.

Tena usajili unathibitisha kwamba andiko fulani lilikuwepo tarehe fulani chini ya jina fulani, na uwezo wake unaishia hapo. Hauthibitishi kwamba hukulisikia wazo hilo kwenye kikao cha maabara wiki iliyotangulia, wala haumkatazi mwingine kulifikia kwa njia yake mwenyewe, jambo linalotokea mara nyingi katika sayansi kuliko tunavyopenda kukiri tunapokuwa na hasira. Kwa sababu hiyo naipa kumbukumbu ya shughuli za kila siku uzito uleule ninaoupa usajili: mlolongo wa matoleo unaoonyesha wazo likikua kutoka mistari mitatu hadi mpango wa majaribio ni vigumu kuughushi, na humwonyesha msuluhishi akili ya nani ilikuwa kazini.

Kama kuna anayedhani karatasi zenye tarehe hazina maana mbele ya profesa mwenye jina, kisa cha Albert Schatz kinastahili kusomwa kwa makini. Schatz alikuwa mwanafunzi wa uzamivu mwenye umri wa miaka 23 katika Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, chini ya Selman Waksman, na tarehe 23 Agosti 1943 alianza katika daftari lake la maabara jaribio alilolipa nambari 11, ambalo ndilo lililozaa streptomaisini, dawa ya kwanza ya antibaotiki kufaa dhidi ya kifua kikuu. Makala ya kwanza ya mwaka 1944 ilimtaja Schatz kuwa mwandishi wa kwanza, akifuatiwa na Elizabeth Bugie na Waksman, na hataza iliyotolewa mwaka 1948 ilikuwa na majina ya Waksman na Schatz. Baadaye sifa ilianza kuelekezwa kwa profesa peke yake, na mwaka 1950 Schatz alikwenda mahakamani. Shauri liliisha kwa makubaliano yaliyomtambua kuwa mvumbuzi mwenza na kumpa asilimia 3 ya mrabaha. Kilichombeba ni maandishi: daftari, mpangilio wa majina kwenye makala, na saini kwenye hataza. Bugie, ambaye jina lake liko kwenye makala lakini haliko kwenye hataza, hakuwa na karatasi hiyo ya tatu. Lakini Tuzo ya Nobel ya mwaka 1952 alipewa Waksman peke yake, na chuo chake mwenyewe kilimpa Schatz medali yake ya heshima mwaka 1994 tu, zaidi ya nusu karne baada ya jaribio lile. Maandishi yalimpatia haki mbele ya sheria na yakashindwa kumpatia heshima ya wakati wake, na mtu anayeisoma tathmini hii akitarajia kwamba tovuti itampa vyote viwili ninamwomba apunguze matarajio.

Upande wa pili uko nyumbani kwetu. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963 alipoona kwamba mchanganyiko wa maziwa ya moto aliouweka kwenye friji kutengeneza aiskrimu uliganda kabla ya ule uliopoa. Alichekwa na walimu na wenzake. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam cha wakati huo, aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Osborne alilipeleka maabara likajaribiwa, na makala ya mwaka 1969 ikatoka kwa majina ya wote wawili, jina la Mpemba likitangulia na simulizi ikiwa ya kwake mwenyewe. Mpemba hakuwa na usajili wowote. Alikutana na msomi mwadilifu, na hadi leo jambo lile linaitwa kwa jina lake duniani kote. Ninakitaja kisa hiki kwa sababu huduma yoyote ninayoweza kuitathmini hapa inakuja baada ya swali la nani umemchagua kuwa msimamizi wako, na kabla ya kujiunga na maabara inafaa kuwauliza wanafunzi waliohitimu humo majina yao yaliwekwa wapi kwenye makala zilizotokana na kazi zao.

Kuna hali moja ambayo katika hiyo OSF inaweza kukuumiza, nayo ni pale wazo lako linapoweza kuwa uvumbuzi wa kuombewa hataza, kwa mfano kipimo kipya cha ugonjwa au kiambata cha dawa. Usajili ulio wazi ni uchapishaji. Barani Ulaya, uvumbuzi uliokwisha kutangazwa hadharani kabla ya ombi hupoteza sifa ya upya. Marekani na Kenya zina nafasi ya mwaka mmoja, lakini si jambo la kutegemea kama unafikiria ulinzi wa nchi nyingi. Na wale wanaoamini kwamba daftari lenye tarehe linatosha kwa hataza ya Marekani wajue kwamba tangu tarehe 16 Machi 2013 nchi hiyo inampa haki mvumbuzi aliyetangulia kuwasilisha ombi, si aliyetangulia kuvumbua. Katika hali hiyo usajili uwe wa kufungiwa, viungo vya kuuangalia usigawe ovyo, na uende kwanza ofisi ya uhaulishaji wa teknolojia ya chuo chako, au ofisi ya taifa inayopokea maombi ya hataza, yaani BRELA kwa Tanzania Bara na KIPI kwa Kenya, au ARIPO, shirika la kikanda la haki miliki lililoko Harare, kama unataka ombi moja litakaloshughulikiwa kwa nchi kadhaa za Afrika.

Nimezitazama na huduma nyingine. Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ya CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, inatoa kitambulisho cha kudumu kwa haraka na inaruhusu faili kufungwa, lakini haina utaratibu wa usajili wa utafiti. AsPredicted, ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ina fomu fupi sana na usajili wake hubaki wa siri mpaka waandishi waamue kuufungua, kwa hiyo inamfaa anayeiona miaka 4 kuwa michache. Kwenye bioRxiv, hifadhi ya makala za biolojia ambazo bado hazijapitiwa na jarida, unaweka makala iliyokamilika na yenye matokeo, kwa hiyo haimsaidii mwenye wazo peke yake. Inayonivutia zaidi kwa maabara nzima ni eLabFTW, daftari la maabara la kielektroniki lililoanzia Institut Curie mjini Paris: ni programu ya bure, inasimikwa kwenye seva ya chuo, inaendelea kufanya kazi kwenye mtandao wa ndani hata intaneti ya nje ikikatika, na inaweza kuweka muhuri wa wakati uliothibitishwa na mamlaka ya nje. Udhaifu wake kwa mwanafunzi ni kwamba anayeisimamia seva ni maabara au idara ileile ambayo huenda siku moja akawa na mgogoro nayo. Daftari la karatasi lenye kurasa zilizopigwa nambari, lililoandikwa kwa kalamu ya wino na kutiwa saini na shahidi, bado ninalitumia kila siku, ila daftari hilo kwa kawaida ni mali ya maabara na linabaki kabatini unapoondoka.

Mambo machache ya matumizi. Kupakia maandishi na michoro hakuhitaji intaneti ya kasi, na faili kubwa nazipakia usiku. Data zenye utambulisho wa wagonjwa au washiriki hazipaswi kuwekwa humo, kwa kuwa seva ziko nje ya nchi, nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huku Kenya ikiwa na yake ya mwaka 2019. Akaunti uiunganishe na kitambulisho chako cha ORCID, nambari ya kudumu inayomtambulisha mtafiti, na uweke baruapepe yako binafsi, kwa sababu baruapepe ya chuo hufungwa baada ya kuhitimu, na usajili uliofungiwa miaka 4 unaweza kufunguka wakati ambapo hupokei tena ujumbe wake.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kuutumia usajili kama sababu ya kuzungumza mapema. Nilipomwonyesha msimamizi wangu andiko lililosajiliwa, nilimwekea pia jedwali la michango 14 ya mfumo wa CRediT wa kuainisha nani alifanya nini katika makala, ambao majarida mengi sasa yanaudai na ambao kipengele chake kimojawapo ni uasisi wa wazo, na nikamwomba tujaze majina kwa penseli kabla jaribio la kwanza halijafanyika. Mazungumzo hayo yalikuwa mazito mwanzoni. Tulikubaliana juu ya nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala ya kwanza, tukaiacha ya pili wazi hadi tuone kazi itakavyogawanyika, na nikampelekea muhtasari kwa baruapepe jioni hiyohiyo. Jibu lake la kukubali nimelipakia kwenye mradi, chini ya usajili, nalo lina tarehe yake.